Papi na fremu za madirisha ya karavani kuukuu: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali yote ni ya madirisha ya karavani za zamani, zile za miaka ya 1950 hadi 1970 zenye kiunzi cha mbao, bati jembamba la alumini kwa nje na plaiwudi kwa ndani. Papi ni vile vipande vyembamba vya mbao vinavyozunguka dirisha upande wa chumbani. Fremu ni ile ya alumini inayofungwa kwa skrubu kutoka nje. Wenye karavani za Airstream, zile za Kimarekani za alumini tupu, wachague la kuchukua: kuta zao ni alumini ndani na nje juu ya mbavu za alumini, kwa hiyo mengi tunayosema kuhusu mbao hayawahusu.

Swali: Fundi, papi zangu mpya zimeshapigwa vanishi na ziko tayari. Naweza kuzifunga sasa, halafu fremu za nje nizirudishie baadaye hali ya hewa ikitulia?

Jibu: Hapana. Papi hazizuii hata tone moja la maji. Kazi yao ni kuficha mwanya ulioko kati ya plaiwudi na dirisha. Kinachozuia maji ni fremu ya nje pamoja na tepu iliyo chini yake. Ukitanguliza papi, umefunika mahali pekee unapoweza kuona maji yakiingia, na utakuja kujua kuna tatizo siku plaiwudi itakapobadilika rangi.

Mpangilio unaofaa ni huu: bati la nje, fremu na tepu yake, skrubu, jaribio la maji, kisha papi. Kabla ya kubandika tepu, jaribu fremu ikiwa kavu kwenye tundu lake. Iache nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Ikiingia kwa kusukumwa, ongeza tundu, usiilazimishe, kwa sababu fremu iliyopinda huvujisha hata ikiwekewa tepu nzuri namna gani.

Jaribio la maji lina utaratibu wake. Tumia mpira wa bustani usio na kasi, anza ukingo wa chini wa dirisha, upe dakika tano, panda pembeni, malizia juu. Mwenzako awe ndani na tochi, akipangusa ukingo kwa karatasi laini. Ukianza juu, maji yatateremka pande zote na hutajua yalikopenyea. Ukianza chini, pale yanapotokea ndipo penye kasoro.

Swali: Tepu ya butili au silikoni? Kila mtu ana lake.

Jibu: Butili, ile tepu ya mpira laini unaonata, na hatuna shaka. Ile putti ya mafuta iliyotumika zamani hukauka na kupasuka, lakini butili hubaki laini na yenye kunata kwa miaka mingi, ikifuata mitikisiko ya karavani barabarani. Silikoni ina matatizo matatu hapa. Rangi haishiki juu yake. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya mabaki ya ile ya zamani. Tatu, siku utakapotaka kutoa dirisha itakuwa imelishika kiasi kwamba fremu laini ya alumini hupinda kabla silikoni haijaachia.

Chukua tepu yenye unene wa milimita 3 na upana wa milimita 19. Ibandike kwenye mdomo wa fremu, yaani ukingo bapa unaolalia bati, sio ukutani, bila kuivuta, kwa sababu ikivutwa huwa nyembamba na hurudi nyuma kwenye kona. Kona ikate na uigonganishe badala ya kuikunja. Mwanzo na mwisho wa tepu vikutane ukingo wa chini. Karatasi ya mgongoni itoke dakika ya mwisho tu. Kukiwa na baridi kali iweke tepu mahali penye joto kwanza, maana ikiwa ngumu haijai kwenye mikwaruzo ya bati.

Usafi wa bati ndio nusu ya kazi. Putti ya zamani ikwangue kwa kipande cha plastiki au mbao, sio patasi, kisha futa kwa tapentaini ili mafuta yayeyuke, na umalizie kwa spiriti ili tapentaini yenyewe iondoke. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, butili itashika utando wa mafuta badala ya bati.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, namba 8, urefu wa milimita 25. Shaba kwenye alumini ya nje usiweke kabisa: pakilowa, alumini ndiyo inayoliwa. Skrubu za kawaida zilizopakwa zinki hudumu kwa muda, halafu huanza kulia machozi ya kutu kwenye bati. Anza katikati ya kila upande, uende upande ulio mkabala, na kona ziwe za mwisho. Kaza kwa mkono. Butili ikianza kuchungulia kote kwenye ukingo, acha. Ukizidisha utaifukuza yote na bati litaingia mabonde. Baada ya siku moja au mbili butili itakuwa imetulia na skrubu zitapokea robo mzunguko zaidi. Iliyotoka nje ikate kwa kisu cha plastiki baada ya siku kadhaa, itakapokuwa imemaliza kujitokeza.

Swali: Tepu nimeweka mpya, lakini maji yanaingia pembeni mwa dirisha, katikati ya kimo chake. Bati langu ni la mistari ya mabonde.

Jibu: Mabonde ndiyo chanzo. Mdomo wa fremu ni bapa. Unakaa juu ya matuta na kuacha vichochoro vidogo kwenye mabonde. Safu moja ya milimita 3 haijazi bonde lenye kina cha milimita 4 au 5. Kata vipande vifupi vya butili, vijaze mabonde hadi yalingane na matuta upande wa kushoto na kulia wa tundu, ndipo uweke safu kamili kwenye fremu. Juu na chini huwa hakuna shida ikiwa bonde linakwenda sambamba na ukingo, ila angalia kama ukingo wa juu umeangukia katikati ya bonde.

Hapohapo, angalia kama juu ya dirisha pamekosekana kile kipande cha alumini kilichokunjwa cha kuyatupa maji mbele. Mara nyingi hung'olewa wakati wa kupiga rangi na hakirudi. Bila hicho, maji yote ya paa hupita juu ya ukingo wa juu wa fremu.

Swali: Skrubu kama kumi za dirisha la mbele zinazunguka bure. Niweke nene zaidi?

Jibu: Kwanza jua sababu, maana ziko tatu na dawa zake si moja. Toa papi, kisha dunga mbao kwa bisibisi nyembamba yenye ncha. Ikiwa mbao ni ngumu na tundu limepanuka tu, toboa kwa keekee ya milimita 8, gongomea kijiti cha mbao cha mviringo kilichopakwa gundi isiyoogopa maji, kikate kilingane na uso, na siku inayofuata toboa upya kwa milimita 3. Njiti za kiberiti na gundi zitakushikilia skrubu hadi safari ya kwanza ya barabara mbovu. Skrubu nene, namba 10, inafaa kwa tundu moja au mawili. Kumi mfululizo zinaweza kuipasua mbao kwa urefu wake.

Ikiwa bisibisi inazama, mbao imeoza. Kata hadi sentimita 10 kupita pale inapoanza kuwa ngumu, uunge mbao mpya kwa kupandanisha nusu kwa nusu. Dawa za kugandisha mbao iliyooza hatuzipendekezi chini ya dirisha: zinaugandisha uso, ndani kunaendelea kuoza. Mahali pa kuangalia kabla ya pote ni mbao ya chini ya dirisha na sentimita chache za kwanza za mbao za pembeni.

Sababu ya tatu ni ya kuchekesha kidogo: skrubu hazijawahi kugusa mbao. Kiunzi kilibadilishwa, mbao mpya ikawekwa sentimita mbili kando, na fundi akafunga dirisha kwenye bati tupu. Hapo ongeza mbao kwa ndani. Hakuna ujanja mwingine.

Swali: Nimekata papi zote nyuzi 45 kamili, mashine imepimwa, lakini kona hazikutani. Moja imeachama mbele, nyingine ndani, nyingine nje.

Jibu: Mashine haina kosa. Dirisha la karavani iliyovutwa miaka hamsini halina kona za nyuzi 90. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, sahau nyuzi 45. Chukua pembe ya kukunja, kile kifaa cha kupimia pembe, upime kila kona peke yake, gawa kwa mbili. Kona ya nyuzi 92 inataka 46 na 46. Ya 88 inataka 44 na 44. Na papi mbili zinazokutana lazima ziwe na upana uleule. Tofauti ya milimita moja tu inatosha kuivuruga kona.

Kabla ya kukata, chora mstari wa penseli milimita 3 nje ya ukingo wa tundu, kuzunguka kote. Upapi ukae kwenye mstari huo. Ukiulinganisha na ukingo wenyewe, jicho litaona kila upotovu wa tundu; mwanya wa milimita 3 huuficha. Kata upapi wa juu kwanza, kisha za pembeni, na wa chini uwe wa mwisho. Kila kimoja kiache kirefu kwa milimita moja, ukipunguze kidogokidogo.

Sasa zile kona zako tatu. Iliyoachama mbele, upande unaoukabili chumba, inasema uso wa nyuma hauko sawa: fremu au plaiwudi imejitokeza na upapi unayumba juu yake kama meza ya miguu mitatu na nusu. Weka upapi, ubonyeze ukingo mmoja. Ukicheza, piga randa mgongo wake pale penye nundu, au weka kipande chembamba cha plaiwudi pale penye shimo. Kisha kata kona kwa mwinamo wa nyuzi 1 hadi 2 kuelekea nyuma, ili nyuso za mbele zigusane kabla ya migongo.

Kona iliyoachama upande wa ndani, karibu na kioo, ikiwa ilikutana vizuri siku ya kwanza, ni mbao iliyokuwa na unyevu ikanywea. Iliyoachama upande wa nje ni mbao iliyokuwa kavu sana ikavimba. Mbao hubadilika kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki, ndiyo maana kona hufunguka namna hiyo. Zilaze papi ndani ya karavani wiki moja au mbili kabla ya kuzikata. Upana nao una neno lake: upapi wa sentimita 3 huvumilia, wa sentimita 6 huonyesha kila mabadiliko.

Gundi ipake kwenye kona tu, upapi kwa upapi. Usigundishe upapi ukutani, kwa sababu kuna siku utahitaji kuutoa mzima. Misumari iwe ya milimita 20, na hesabu yake ni hii: upapi milimita 6, plaiwudi 3, kiunzi 19, jumla 28 hadi mgongo wa bati la nje. Msumari wa 30 utatokeza nje. Wa 25 unabakiza milimita 3 tu, na kiunzi cha zamani hakina unene mmoja. Wa 20 unaingia kwenye mbao kwa milimita 11, na kwa upapi mwepesi hiyo inatosha. Kabla ya kugonga, fuatilia nyaya za taa za pembeni zinakopita. Mara nyingi ziko palepale kando ya dirisha.

Tena, hakuna sheria inayosema kona lazima ikatwe mshazari. Si kila karavani ilitoka kiwandani hivyo. Ukikuta papi za zamani zimegonganishwa tu, upapi wa juu umelalia zile za pembeni, rudishia hivyohivyo. Ni rahisi, na ndivyo ilivyokuwa.

Swali: Dirisha langu lina kona za mviringo, nusu kipenyo kama milimita 75. Niukunje upapi kwa mvuke?

Jibu: Tenganisha vitu viwili. Kuna upapi uliolala bapa ukutani, na kuna ile mbao inayoziba kina cha ukuta ndani ya tundu. Upapi bapa ungetakiwa upinde kuelekea ubavu wake, na upapi wa sentimita 4 haupindi hivyo kwa mzunguko mdogo namna hii, uwe na mvuke au usiwe nao. Njia bora ni kuukata: tengeneza kiolezo cha kadibodi, kisha kata pete nzima kutoka plaiwudi ya milimita 6 isiyo na mapengo ndani, usafishe ukingo kwa msasa na uufunike kwa utepe wa mbao. Ukitaka mbao halisi, kata vipande vinne vya kona, nyuzi za mbao zikipita mshazari kwenye kila kona, kisha viunge na papi nyoofu. Nyuzi zikikatiza mkunjo kwa ufupi, kipande hukatika mkononi.

Mbao ya kina inakunjika. Wengi hushauri kuichanja mgongoni kwa msumeno. Hapa haifai: uso unaoonekana ni wa ndani ya mkunjo, kwa hiyo michanjo iko nje, na ukikunja inafunguka na kuvunjika badala ya kujifunga. Gundisha tabaka mbili za milimita 1.5 kwenye umbo la mbao, uzibane kwa saa 24. Umbo liwe dogo kidogo, nusu kipenyo milimita 70 badala ya 75, kwa sababu ukifungua vibano mbao hurudi kidogo.

Swali: Mkanda wa vinili unaofunika skrubu kwenye reli za nje, zile za alumini zinazofunika maungio ya bati, umefupika. Kila mwisho kuna pengo la vidole viwili.

Jibu: Uliwekwa ukiwa umevutwa. Vinili ikipata jua hurudi ilikotoka. Mpya upime kwa upana wa ndani wa mfereji wa reli, kwa kuwa upo wa milimita 19 na wa 25 na hazibadilishani. Uache juani ulainike, paka maji ya sabuni kwenye mfereji, na uusukume ndani kwa kidole gumba huku ukiurudisha nyuma kidogo. Usiuvute. Bakiza sentimita 2 au 3 kila mwisho na ukate baada ya siku chache. Kumbuka pia kwamba mkanda hauzibi maji. Kila skrubu iliyo chini yake iwe imezibwa yenyewe kwa butili.

Swali: Madirisha manne, kila moja sentimita 90 kwa 60. Nijiandae na vifaa kiasi gani?

Jibu: Mzunguko wa dirisha moja ni mita 3, manne ni mita 12. Roli mbili za butili za mita 9 zinatosha na kubakiza za kujazia mabonde. Skrubu, kwa umbali wa sentimita 7.5, ni 40 kwa dirisha, jumla 160, nunua 200. Papi za upana wa milimita 40, ukiacha mwanya wa milimita 3, zitakuwa na urefu wa nje wa sentimita 98.6 na 68.6. Ubao wa mita 2.4 unatoa ndefu mbili au fupi tatu, kwa hiyo mbao saba zinakamilisha. Chukua nane, kwa sababu kona ya kwanza huwa ya kujifunzia.

Swali: Papi mpya za mbetula ni nyeupe mno kando ya plaiwudi ya zamani yenye rangi ya asali.

Jibu: Rangi ile ni ya shelaki ya kahawia, aina ya vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, pamoja na umri. Chukua kipande cha mabaki, paka koti moja sehemu ya kwanza, mawili ya pili, matatu ya tatu, ukishike kando ya ukuta mchana. Kwa kawaida matatu au manne membamba hufika. Shelaki hukauka haraka, kwa hiyo pitisha brashi mara moja usirudie.

Paka pande zote kabla ya kufunga, mgongo na ncha zilizokatwa pia. Upapi uliopakwa uso tu hunywa unyevu kwa nyuma na kupinda. Shelaki pekee hugeuka nyeupe ikikaa na maji, na ukingo wa dirisha hukaa na maji. Funika kwa vanishi ya mafuta. Ukitaka poliyurethani, hakikisha shelaki ya juu ni ile iliyoondolewa nta, la sivyo itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Papi za zamani zilizopakwa rangi usizipige msasa mkavu. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, mwaka 1978, na karavani za kabla ya hapo zinaweza kuwa nazo. Tumia msasa wa maji na barakoa.

Swali: Jaribio la maji lilipita, mvua haingii, lakini asubuhi upapi wa chini umelowa.

Jibu: Ikiwa hutokea asubuhi za baridi hata bila mvua, ni pumzi zenu. Kioo kimoja na fremu ya alumini hupoa haraka na mvuke wa ndani hugandia hapo, kisha hutiririka. Hakuna tepu itakayozuia. Acha dirisha moja wazi kidogo usiku, na uangalie vile vitundu vya kutolea maji chini ya fremu. Mara nyingi vimejaa rangi au silikoni ya mtu aliyedhani anaziba uvujaji. Vizibue kwa waya mwembamba. Na usizibe mwanya kati ya upapi wa chini na fremu, kwa sababu maji yaliyoingia nyuma ya upapi yanahitaji mahali pa kukaukia.